Mzee Aliyeikimbia Koito

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana: Mzee Robert Kipkosgei bado amelala kwenye chai.

Amelala kifudifudi kati ya mistari, chini ya boma lake, na suti aliyoshonewa kwa ajili ya siku hii imejaa matope. Juu, sebuleni kwake, wageni kumi na wanane wa Mzee Ombati wanangoja jibu la swali moja. Je, anamtoa binti yake Chepkurui aolewe na kijana wao Mochama?

Ni koito, ile siku Wakipsigis huketi na wakwe kukubaliana. Wazee husema mengi, lakini neno la mwisho ni la baba. Na baba aliinuka kulitoa. Akafungua kinywa. Moyo ukaanza kumgonga kifuani, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakatika, akaona anakufa mbele ya wakwe. Akapitia mlango wa jikoni bila neno na kukimbia.

Huyu ndiye mtu aliyewasemea mabinti kumi na tisa wa watu wengine, kutoka Kapkatet mpaka Merigi. Wazee walimfuata kwake na vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando, wakimwomba awe mdomo wao.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Tangu Februari ya mwaka huo wa tisini na sita, mshtuko huo ulimkamata kwenye kituo cha kupimia chai, kanisani, hata akinyoa ndevu. Mara tatu alikimbilia hospitali akidhani ni moyo. Mara tatu aliambiwa moyo ni mzima. Hakuna aliyejua, hata mkewe.

Sasa tuendelee.

Saa kumi na moja jioni, Tecla mkewe alimpata.

"Baba Chepkurui."

Aliketi, akafuta matope usoni.

"Wageni wameenda. Hawakugusa chakula. Ombati alivaa kofia yake, akasema asanteni kwa kutukaribisha, wakatoka mmoja mmoja kama watu wametoka matanga. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa ukifanya nini?"

Angeweza kumwambia. Lakini Kipkosgei alitahiriwa alfajiri ya baridi akiwa amezungukwa na wanaume wakimwangalia uso, na hakupepesa jicho. Angesemaje sasa kwamba ameogopa watu waliokuja kunywa chai kwake?

Kabla hajapata la kusema, kaka yake mkubwa Kipkirui aliteremka akicheka, mikono ameifungua.

"Ndugu yangu! Leo umetutoa aibu! Mwingine angebishana na kutafuta sababu. Wewe umeinuka, umetoka. Umemwachia Mkisii kiti kitupu azungumze nacho!"

Tecla alimkazia mumewe macho. "Ni hivyo? Umewakataa kwa sababu ni Wakisii?"

Kipkosgei aliangalia viatu vyake. Na hapo alifanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka hufunika uso kwa kiganja.

Alitikisa kichwa kukubali.

Afadhali waseme ana chuki kuliko waseme ana woga. Ndivyo alivyoona wakati ule.

Nyuma ya Tecla kulikuwa na mtu mwingine. Ni Chepkurui, bado na shanga za sherehe shingoni.

"Baba, si ungeniambia tu," alisema. "Tangu Krismasi Mochama anakula hapa. Ulimpa mkono. Ulimwita mtoto wako."

Baba yake hakuinua macho.

Kesho yake asubuhi Chepkurui alirudi Sigor alikokuwa akifundisha shule ya msingi. Hakuaga.

*

Ombati alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai. Mwaka wa tisini na mbili, vita vya kikabila vilipozuka, nyumba yake ilichomwa, akaenda na watoto wake kwao Kisii akakaa miaka miwili. Aliporudi, wa kwanza kumpelekea maziwa alikuwa Kipkosgei. Wa kwanza kumpelekea mbao za kuezekea pia alikuwa yeye. Kwa hiyo Mochama alipoanza kumtazama Chepkurui, wazee hawa wawili walicheka pamoja kabla ya kijana kusema lolote.

Walikutana sokoni Kapkatet siku tisa baada ya koito. Ombati alivua kofia, akapisha njia kama mtu anavyompisha mgeni.

"Robert," alisema kwa sauti ya chini. "Wale walionichomea nyumba sikuwauliza kitu. Sikuwajua. Lakini hata wewe?"

Kipkosgei alifungua mdomo, na moyo ukaruka. Aligeuka akaingia duka la kwanza aliloliona, akasimama kati ya magunia ya mbolea mpaka Ombati akapita.

Huko nje sifa zake zilikuwa zimeenea. Wanaume asiowapenda walimsimamisha barabarani kumshika mkono, na mmoja alimlipia chai hotelini. Aliinywa, ikamchoma kooni kama dhambi.

Ule mshtuko nao ulinona. Zamani ulikuja mara moja kwa juma, sasa kila siku. Aliacha kupeleka chai kituoni, akawa anamtuma Tecla. Kanisani alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Mwisho wa Agosti alirudi hospitalini mara ya nne, ile hospitali ya Kericho, maana ya Kapkatet wangemjua.

Daktari alifungua faili na kuifunga.

"Mzee, moyo wako nimeupima mpaka mashine imekuzoea. Ni mzima."

"Basi mashine imeharibika."

"Mashine haijaharibika. Nenda chumba namba tisa, umwone Sista Phanice."

Alienda. Juu ya mlango wa namba tisa palikuwa na kibao: AFYA YA AKILI. Kwenye benchi alikaa mama anayeongea na mikono yake mwenyewe na kijana aliyefungwa kamba kiunoni, ameshikwa na baba yake.

Kipkosgei alisoma kibao mara mbili, akavuta kofia chini, akageuka. Yeye si mwendawazimu!

Alifika getini tu. Hapo pumzi ilikatika. Akashika nguzo kwa mikono miwili, watu wanapita wakimwangalia.

Mwanamke mwenye sare ya uuguzi alikuwa anatoka dukani na mandazi ndani ya gazeti. Alisimama.

"Mzee, ni nini?"

"Nakufa."

"Umeshakufa hivi mara ngapi?"

Kipkosgei alimtazama kwa hasira, lakini akajikuta anahesabu. "Labda... arobaini."

"Na bado uko." Alimshika mkono akamketisha kwenye ukingo wa mtaro. "Usipigane nayo. Vuta pumzi kidogo, halafu itoe polepole, kama unapuliza uji wa moto. Tena. Usiharakishe, uji bado ni moto."

Alipuliza uji ambao haukuwepo, mzee mzima wa miaka hamsini na minne, getini mwa hospitali, watu wakiona. Baada ya muda mikono ilirudi.

"Mimi ni Phanice," mwanamke alisema. "Nafikiri wewe ulikuwa unakuja kwangu ukapotea njia. Jina lako?"

Jina la kwanza lililomjia halikuwa lake.

"Kipkirui," alisema.

Na hivyo ndivyo kadi yake ya namba tisa ilivyoandikwa: jina la kaka yake.

*

"Kuogopa ni kwa kila mtu," Phanice alimwambia wakiwa wameketi ndani, mlango umefungwa. "Mimi naogopa nyoka, naogopa pia matron. Hiyo si ugonjwa. Lakini niambie. Kanisani unakaa wapi?"

"Karibu na mlango."

"Tangu lini?"

"Agosti hii. Lakini yenyewe ilinianza Februari."

"Chai unapeleka kituoni mwenyewe?"

"Namtuma mama."

"Na mama anajua uko wapi leo?"

Alitazama mlango uliofungwa.

"Unaona sasa. Woga ukianza kukuchagulia benchi, ukakukataza njia, ukakufundisha kumdanganya mke wako, na haya yote kwa miezi saba, huo si woga wa kawaida tena. Huo umekuwa ugonjwa. Na hii ugonjwa ina matibabu."

"Sista, mimi sijapagawa. Sina kichaa."

"Nani amesema kichaa? Umewahi kufika kiwanda cha chai? Kuna kile king'ora cha moto. Siku moja kikilia na hakuna moto, mtabomoa kiwanda?"

"Tutaita fundi."

"Basi. King'ora chako kinalia bila moto. Lakini wewe kila kikilia unakimbia, na kila ukikimbia, kinaamini moto ulikuwepo. Kesho kinalia kwa nguvu zaidi. Kazi yetu mimi na wewe ni kukaa hapo kikilia, mpaka kichoke chenyewe."

"Hakuna kidonge?"

"Kidonge kipo, daktari akiona kuna haja tutakupa. Lakini kidonge hakitakaa kwenye foleni ya chai kwa niaba yako. Juma hili upeleke chai mwenyewe. Ikikushika, usiondoke. Usiombe iishe. Simama tu, uangalie inafanya nini."

Aliondoka akisema moyoni kwamba huyu mama ndiye anayehitaji namba tisa. Lakini Jumanne alibeba kikapu mwenyewe.

Kituo kilikuwa kimejaa. Alisimama kwenye foleni, na ikaja. Dakika kumi za kwanza alikuwa mtu anayekufa. Dakika kumi zilizofuata alikuwa mtu anayetokwa na jasho. Baada ya nusu saa alikuwa mzee tu kwenye foleni, miguu inamuuma, anasikia njaa.

Alikaribia kulia. Alijifanya ametolewa machozi na vumbi.

Tangu hapo kila Alhamisi alivaa koti akamwambia Tecla anakwenda kwenye mkutano wa chama cha maziwa. Juma la pili alihamia katikati ya kanisa. Juma la tatu alishindwa: wimbo wa kwanza haujaisha, akatoka mbio akawakanyaga watu miguu. Alimwambia Phanice hayo akiangalia sakafu.

"Ulirudi ndani?"

"Nilirudi wakati wa baraka."

"Kwa hivyo ulirudi," Phanice alisema, akaandika.

Alhamisi ya tano, alimuuliza swali alilokuwa akilikwepa.

"Mzee Kipkirui, nyinyi wanaume huwa mnakuja hapa mmeharibu kitu. Wewe uliharibu nini?"

Alimweleza. Suti, wageni, swali, mlango wa jikoni, matope. Alieleza jinsi alivyokubali kwa kichwa. Alisema mpaka lile neno la Ombati sokoni: hata wewe? Hakuwahi kulisema mahali popote, na alipolisema alilia kwa sauti, kitu ambacho hakufanya hata alipomzika mama yake.

Alipoinua uso, Phanice alikuwa ameacha kuandika. Kalamu ilikuwa mezani.

"Mzee," alisema, "jina lako si Kipkirui."

"Nani amekuambia?"

"Wewe mwenyewe, sasa hivi. Mochama ni mtoto wa dada yangu. Siku ile ya koito ningekuwa kati ya wale wageni, ila nilikuwa zamu."

Kipkosgei alisimama. Mlango ulikuwa hatua tatu.

"Kimbia ukitaka," Phanice alisema, na sauti yake nayo haikuwa imara. "Lakini kwanza sikia. Yale umesema hapa hayatoki hapa. Dada yangu analia kila siku, na mimi sitamwambia. Mochama ananiuliza, mama mdogo, walituona sisi ni nini? Sitamjibu. Kazi yangu hainiruhusu, na hata ingeniruhusu, siri si yangu. Ukitaka mtu mwingine akutibu, kuna mwenzangu anakuja kutoka Nakuru kila mwisho wa mwezi. Nitakuandikia barua kwake leo."

"Unanichukia, Sista?"

Aliichukua kalamu mezani, akaitia mfukoni.

"Dakika mbili zilizopita, ndiyo. Nilikuchukia. Sasa nakuona tu vile uko."

Hakukimbia. Alitembea mpaka mlangoni, akatoka polepole, akavuka uwanja wa hospitali, akakaa chini ya ukuta. King'ora kikalia mpaka kikanyamaza. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kibaya zaidi, maana hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa aibu, na aibu ile ilikuwa na sababu.

*

Nyumbani Tecla alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono mapajani, hafanyi kazi yoyote. Kwa Tecla, hilo lilikuwa kama tarumbeta.

"Mkutano ulikuwaje?"

"Mzuri."

"Chama cha maziwa hakina mikutano ya Alhamisi. Nimeuliza. Na kuna mtu amekuona Kericho mara mbili, unatoka chumba fulani na mwanamke, unamwaga machozi." Alisimama. "Jina lake ni nani?"

Kipkosgei alikaribia kucheka, kisha akaona mtego alioingia. Kwa mara ya pili alikuwa amewekewa uongo mezani, tayari, autwae tu. Akubali ana mwanamke. Wanaume wangapi wana wanawake? Watu wangesema juma moja wakasahau.

"Anaitwa Phanice," alisema.

Tecla alifunga macho.

"Ni muuguzi. Anatibu watu wa akili. Mimi ndiye mgonjwa wake."

Alimwambia yote akiwa amesimama pale uani, kuku wakipita. Hakuacha kitu. Alipofika kwenye chai na matope, Tecla aliketi tena.

"Miaka ishirini na sita nalala kando yako," alisema mwishowe. "Unafikiri sikusikia huo moyo ukipiga? Nilingoja useme. Nikafikiri labda ni mapenzi, labda ni uchawi, labda umeua mtu. Kumbe ni ugonjwa wa kwenda hospitali."

"Mama Chepkurui..."

"Usiniite. Kuugua hukukosea. Lakini mtoto wangu analia Sigor miezi miwili, Ombati anavua kofia barabarani kama mtumwa, wewe unakunywa chai ya watu wanaokusifu kwa chuki ambayo huna. Ili usiambiwe uliogopa! Huo ugonjwa dawa yake ni ya huyo Phanice. Hii nyingine dawa yake ni mdomo wako."

Kisha akamwambia jambo ambalo kijiji kizima kilijua isipokuwa yeye. Mochama, ambaye alikuwa daktari wa mifugo, alikuwa ameomba uhamisho. Amepewa Garissa. Anaondoka Jumatatu.

Kesho yake asubuhi Tecla alikwenda kwa Ombati peke yake. Hakueleza chochote. Alisema tu, mume wangu ana neno moja, njooni mlisikie Jumamosi, baada ya hapo mkitaka msitusalimie tena. Chepkurui alitumiwa ujumbe Sigor.

*

Saa sita mchana walikuwa sebuleni. Ombati, Mochama, Tecla, na Chepkurui aliyekuwa amekaa mbali na kila mtu, amekonda. Wangekuwa watu watano pamoja na Kipkosgei mwenyewe.

Lakini Kipkirui alisikia. Aliingia bila kubisha, na nyuma yake wazee wawili wa ukoo, wakaketi kama watu waliokuja kulinda kitu.

Kipkosgei alichagua kiti cha ndani kabisa, ukutani. Ili afike mlangoni ingebidi aruke magoti ya watu wanne.

Alisimama. Ikaja, kama alivyojua itakuja. Vidole ganzi, kifua kizito, macho ya watu yanakuwa makubwa. Alipuliza uji wake polepole. Chumba kilingoja. Alisikia mmoja wa wazee akikohoa. Alipuliza tena.

Siku zote alizowasemea watu alisema kwa mafumbo: ndama aliyepotea, mbegu iliyoanguka kwenye shamba jirani. Leo hakuwa na fumbo lolote.

"Ombati," alisema. "Siku ile sikuwakataa. Niliugua. Nina ugonjwa wa woga, wa hospitali, ninatibiwa Kericho. Ulinishika hapa nilipokuwa nimesimama, nikakimbia nikalala kwenye chai. Ndugu yangu alisema nimewakataa kwa sababu ya kabila lenu, na mimi nikakubali, kwa sababu niliona aibu kusema ukweli. Hilo la pili si ugonjwa. Hilo ni kosa langu. Nisamehe. Mochama, nisamehe." Sauti ilikatika. Akaitafuta, akaipata. "Hata sasa ninapoongea nimeshikwa. Mnaona mikono yangu. Lakini siondoki."

Alibaki amesimama.

Mochama alikuwa ameinamisha kichwa. Chepkurui alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Ombati alimtazama rafiki yake kwa muda mrefu, na uso wake ukaanza kulegea.

Hapo Kipkirui akapiga fimbo sakafuni.

"Mmesikia wenyewe! Amekiri. Anatibiwa na watu wa wendawazimu. Wazee, tangu lini mgonjwa wa akili akatoa binti wa ukoo? Neno lake si neno tena. Baada yake mkubwa ni mimi, na mimi nasema hapana."

Wale wazee wawili waliangaliana. Mmoja akatikisa kichwa taratibu, akikubali.

"Kipkirui, toka kwangu!" Tecla alisema.

"Nitoke niende wapi? Hii ni boma ya baba yetu."

"Ngojeni," Ombati alisema, na wote wakanyamaza, maana alikuwa ndiye mwenye haki ya kukasirika na bado hakupaza sauti. "Robert, nimekusikia. Mimi nimekusamehe kabla hujamaliza. Lakini nina swali moja, na usione nakudharau. Mimi ni mzazi pia." Alizungusha kofia magotini. "Huu ugonjwa, unaenda kwa damu? Wajukuu wangu wataupata?"

Kipkosgei hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amemuuliza Phanice maswali mengi, hilo hakumuuliza.

"Sijui," alisema.

"Niulizeni mimi."

Chepkurui alikuwa amesimama. Mikono yake aliifungia ndani ya leso, lakini leso yenyewe ilikuwa inatetemeka.

"Ilinianza mwezi wa tano," alisema. "Darasani. Nilikuwa nafundisha hesabu, nikaona nakufa. Watoto walinimwagia maji. Sasa naandika ubaoni nikiwa nimesimama mlangoni. Mwalimu mkuu anafikiri nina mimba." Hakumwangalia Mochama. "Sikumwambia mtu. Nilifikiri ni mimi peke yangu. Nilifikiri nikiolewa itaisha."

Tecla alitoa sauti ndogo kama mtu aliyeungua.

"Baba," Chepkurui alisema, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyapangusa, "kumbe ina jina. Kumbe ina mahali inatibiwa. Na wewe ulijua, ukanyamaza."

Kati ya yote aliyoambiwa mwaka ule, hilo ndilo lililomkata. Alitaka kumwendea, lakini magoti ya watu yalikuwa njiani, na hakuwa na hakika kama anamtaka karibu.

"Mmeona?" Kipkirui alisema. "Nyumba nzima!"

Mochama aliinuka. Alikuwa na neno mdomoni, kila mtu aliona. Lakini Ombati alimshika mkono wa shati akamrudisha kitini.

"Usijibu," alimwambia mwanawe. "Ukijibu sasa, utajibu kwa huruma au kwa hofu. Vyote viwili havijengi nyumba."

Kisha akavaa kofia, akasimama.

"Robert, twende nje. Wewe na mimi tu."

Hakusema ni kwa nini. Alitoka mbele, akavuka ua, akashika njia ya kushuka kwenye chai, mgongo wima, bila kugeuka kuangalia kama anafuatwa.

Kipkosgei alipita kwenye magoti ya kaka yake na ya wale wazee, akapita mbele ya binti yake ambaye hakuinua macho, akatoka juani. Moyo ulikuwa unamgonga mpaka masikioni. Alipuliza polepole, akasikiliza. Na safari hii hakuweza kujua kama ni ugonjwa wake, au kama ni woga ule wa kila mtu, wa mtu ambaye kweli ana kitu cha kupoteza.

Aliongeza mwendo ili amfikie Ombati. (Itaendelea wiki ijayo.)